Bango kwenye Lango la Eunha

Matokeo ya ukaguzi wa jumba letu la ghorofa, Eunha, yalipotoka, Mwenyekiti Pyo wa kamati ya wakazi hakungoja hata kustaftahi. Alitundika bango langoni: HONGERENI WAKAZI! JUMBA LETU LIMETHIBITISHWA KUWA HATARI. Watu wakapiga makofi, nami nikapiga mpaka viganja vikaniwasha. Hapa Seoul jumba la zamani halibomolewi mpaka litangazwe bovu, na likishabomolewa wenye nyumba hujengewa mnara mpya. Kwa ajili hiyo tulikuwa tumeacha kulipaka rangi miaka mingi, ili lionekane limechoka.

Aliyenuna ni mama mkwe wangu, Bi Bong-rye. Alilisoma bango akiwa na mfuko wake wa vitunguu mkononi, akapanda juu bila kumsalimia mtu.

Jioni Mwenyekiti akaja kwetu na karatasi ya ridhaa. Ili idadi ya wenye nyumba waliokubali itimie, alibaki mtu mmoja tu.

"Bi mkubwa, gonga muhuri wako hapa, tumalize."

"Sigongi."

"Utapewa nyumba yenye bwawa la kuogelea chini!"

"Nina miaka themanini na kitu, niogelee niende wapi? Nani kasema nyumba hii ni hatari?"

"Wataalamu."

"Mbona wewe unalala humu na kukoroma? Nakusikia kupitia bomba la bafuni."

Mwenyekiti akanigeukia. "Mama Taerin, sema na mkweo."

"Sema naye wewe," nikamjibu. "Mimi bado nataka kuishi kwa amani."

Lakini moyoni nilichemka. Mabomba yalitema maji ya kutu, na nilikuwa nimeota ule mnara tangu Taerin akinyonya. Muhuri mmoja wa kizee mkaidi ulikuwa unatunyima sote.

Hata hivyo nisiwe mwongo: Eunha lilikuwa jumba, si mchezo. Lilipofunguliwa, mitaa iliyolizunguka ilikuwa bado mashamba ya kabichi. Lifti iliendeshwa na msichana aliyevaa glavu nyeupe. Waigizaji wa sinema walihamia humu, na majenerali, na wake zao wenye makoti ya manyoya, ambao kila ukifika msimu wa kutia kimchi, kabichi yetu ya kuchachusha, walitoka na majembe kuzika mitungi yao kwenye bustani ya maua, kwa sababu humu ndani kulikuwa na joto mno. Nje theluji, ndani watu na fulana wanakula barafu ya maziwa! Ndugu walitoka mbali kuja kutembea, kumbe wamekuja kuoga maji ya moto.

Baba mkwe hakuwa jenerali. Alikuwa msimamizi wa zege la jumba hili hili. Lilimwagwa wakati wa baridi kali, na zege likiganda kwa barafu kabla ya kukauka huwa halina nguvu tena. Basi alilifunika kwa mikeka ya majani, akawasha majiko ya makaa, na mikeka ilipopungua akaleta blanketi la nyumbani. Bi Bong-rye, aliyekuwa na mume wangu Giseok tumboni, akalala na koti. Kisha mzee akaenda kufanya kazi kwenye jangwa la Uarabuni, miaka na miaka, ili anunue nyumba moja kati ya zile alizozijenga. Alikufa humu, kwenye sakafu yetu inayopashwa joto, akiwa ameridhika.

"Mama, unataka nini hasa?" nilimuuliza mama mkwe, Mwenyekiti akiwa bado amekaa.

"Walivunje tu, mimi sikatai. Kila kitu kina siku yake. Ila wasimwite mume wangu mtu aliyejenga kitu cha kuua watu, halafu wakapiga makofi." Akanigeukia. "Na wewe ulipiga, mwanangu. Nilikuona."

Nilitamani sakafu ipasuke inimeze. Mwenyekiti naye akainamisha kichwa, akazungusha kofia yake mikononi.

"Mimi nilikuwa mtoto wa kule mlimani, kwenye vibanda," akasema polepole. "Mama alikuwa akiwafulia nguo watu wa humu. Siku za baridi ulikuwa unamwita alete watoto, ukatuogesha."

"Mlikuwa na uchafu, nyie!" akasema Bi Bong-rye.

Mwenyekiti akacheka na kujifuta macho, akaikunja karatasi, akatoka.

Asubuhi bango lilikuwa jipya. Halikuwa na hongera wala hatari. Liliandikwa: EUNHA, POLE NA KAZI. UMETULEA.

Bi Bong-rye alivaa nguo yake ya sikukuu, ile ya hariri, akashuka nayo kwa ngazi huku nimemshika mkono. Mbele ya jumba akapiga magoti juu ya lami, akasujudu mpaka paji la uso likagusa chini, jinsi tunavyowasujudia wazazi mwaka mpya. Mwenyekiti, na suti yake, akasujudu kando yake. Nami nikapiga magoti, machozi yananitoka, nikaona aibu na fahari kwa pamoja.

Tulipomwinua, alikwenda akaweka kiganja ukutani.

"Baba Giseok," akamwambia mumewe, "amka sasa, rudi na blanketi. Zege limeshakauka."

Kisha akanyoosha mkono apewe ile karatasi.