Nani Afungue Faili Gani

Mwaka 1999 hospitali moja ya binafsi kule Mkolani ilinunua kompyuta sita, na Masele, kijana aliyetoka kusomea kompyuta Dar, akapewa kazi ya kuhamishia mafaili ya wagonjwa kwenye kurasa ambazo kila idara ingezifungua kwenye kompyuta yake. Alimaliza kwa miezi miwili. Kila mfanyakazi alipewa neno la siri, na mwenye nalo aliona kila kitu.

Wilhelmina, msimamizi wa masjala, alipoonyeshwa, aliuliza kama mtu wa mapokezi naye angesoma majibu ya maabara. Masele akakubali. Mama yule akamwambia basi wagonjwa watahamia kwingine, maana Mkolani watu wanajuana.

Masele alinuna hadi saa sita mchana. Kisha akaenda masjala na daftari. Wilhelmina akamweleza: mapokezi waone jina na namba ya kadi tu, maabara waone namba na kipimo, jina wasilione, muuguzi asome dawa bila kuzibadilisha, daktari afungue na kuandika faili la mgonjwa wake mwenyewe tu, na mtu yeyote asifute kitu. Masele alichora majedwali mbio mbio, akasahau hata chai. Hakuwahi kufikiri ruhusa inaweza kukatwa vipande vidogo namna hiyo.

Ijumaa iliyofuata wakaujaribu mfumo huo. Daktari Odongo, mganga mkuu, alifungua faili la mgonjwa wa daktari mwenzake. Skrini ikaandika: Huna ruhusa. Akarudia, ikamkatalia tena, naye akacheka, akawaita wauguzi waje wajaribu. Walipokezana kiti, na kila aliyekataliwa alipigiwa makofi.

"Na wewe, Masele," Wilhelmina akauliza, "wewe unaona nini?"

"Naona vyote, mama. Mimi ndiye niliyeutengeneza mfumo."

"Basi hatujamaliza."

Masele alikaa tena, watu wamemzunguka. Alijiachia kazi ya kusajili wafanyakazi tu, na kila ruhusa mpya isifanye kazi mpaka Wilhelmina na Daktari Odongo wote wawili waikubali. Kisha akaandika jina lake, akabofya faili la kwanza. Huna ruhusa. Alishangilia kuliko wote, mikono juu, kama aliyefunga goli.

Jumatatu Wilhelmina alimsajili mgonjwa wa kwanza kwa vidole viwili, taratibu, herufi baada ya herufi. Masele alitamani kuchungulia. Akabaki upande wa pili wa kaunta, penye foleni, ambako skrini haionekani.