Kitambaa cha Tano

Kazi yake ilikuwa kuzika vitambaa. Wenzake wa maabara walimwita Bi Matope, wakamtania kwamba ataolewa na chura, naye hakuwa na kinyongo. Katika kila kijito alifukia vipande vinne vya pamba nyeupe, kila kimoja na waya wake, akavifukua baada ya mwezi. Vijidudu vya matope hula pamba. Kitambaa kikioza upesi, matope yako hai. Vijito vya milimani vilikula taratibu, vya bondeni kwa pupa, na vya nyanda za joto havikubakiza hata uzi.

Kilibaki kijito cha kwao, chini ya kiwanda cha ngozi. Alikuwa akikikwepa, wala usimcheke. Miaka sita nyuma mdogo wake, kitinda mimba wao, alikwenda kuogelea pale asirudi. Watu walitafuta siku tisa, hawakupata hata kiatu. Mama akakataa matanga.

"Mwanangu sijamzika, nitamliliaje?" alisema. Tangu siku hiyo mlango wa mbele haukutiwa komeo, usiku wala mchana.

Hatimaye alizika vinne huko pia, na siku ya kufukua alivuta waya wa kwanza. Kitambaa kikatoka kizima, kana kwamba kimenunuliwa jana. Cha pili vivyo hivyo. Sumu ya kiwanda ilikuwa imeua kila kijidudu, na matope yaliyokufa hayali kitu. Akavuta cha tatu, akavuta cha nne. Vidole vyake, vikiwa bado matopeni, vikagusa cha tano.

Yeye alizika vinne.

Aliogopa, tusifichane. Alitaka kuuchomoa mkono akimbie. Mwishowe akasema liwalo na liwe, akavuta. Ilikuwa kola ya shati, na kifungo chake cha juu kimeshonwa kwa uzi mwekundu.

Alifika nyumbani jua likiwa bado juu. Hakujua aanzie wapi, akaiweka kola mezani. Mama alipitisha kidole juu ya ule uzi, mara moja, mara mbili.

"Mweupe ulikuwa umeniishia," alisema. "Nilimwambia akirudi nitaubadilisha."

Kisha akainuka, akaenda mlangoni, akatia komeo. Wakakaa, mama na bintiye, bila kutazamana, wakisikiliza kama kuna atakayebisha hodi.