Jina la Jilala Kitabuni

Leonia hakuwa na heshima kwa kitabu chochote, hata kiwe kimechapwa wapi. Mwalimu Silasi, aliyefundisha naye shule moja mjini Tabora na kumwazima vitabu, alikwisha kumzoea: kila akirudishiwa kitabu, hurudishiwa pamoja na maneno. Riwaya ya mwisho ilikuwa imemchosha. Msichana analia kurasa mia na ishirini, halafu anakufa, eti kwa mapenzi! "Angekuwa na shamba la karanga la kupalilia, angepona," alisema. Kumbukumbu za mwindaji mmoja wa Kizungu ndizo zilizomtia hasira hasa. Mbwa watatu wa bwana yule wana majina, wapagazi wake themanini hawana hata moja.

Lakini kitabu cha Masolwa alikaa nacho kimya. Masolwa, mzee wa Sikonge, alikuwa amewasimulia wamisionari habari za ujana wake, alipobeba mizigo kutoka Tabora hadi Bagamoyo kabla ya reli, nao wakamchapia. Kilikuwa kizuri, na uzuri wenyewe ndio uliomuudhi. Alikisoma mara mbili akitafuta jina moja tu, Jilala, asilione. Jilala alikuwa baba yake, na alitoka Tabora na Masolwa katika msafara mmoja, wakila chungu kimoja.

Nani asiyeijua safari ile? Zamani zile Unyamwezini, kijana ambaye hajafika pwani alihesabiwa mtoto tu, hata awe na ndevu. Jilala alifika. Kwa ajili ya bahari ile alipewa mke, na kwa ajili ya bahari ile alikaa mbele barazani. Leonia na ndugu zake walikua wakisimuliwa mawimbi. Sasa mzee alikuwa haoni tena, na tangu asikie kitabu kimetoka hakutulia. Anakaa, anasimama, anakwenda mlangoni, anarudi. Ugali anauacha nusu. "Umekimaliza? Masolwa anasemaje?" Leonia akaelewa, au alidhani ameelewa: baba anataka kujisikia kitabuni. Naye hayumo! Utamwambiaje mtu wa umri ule kwamba mwenzake amejaza kurasa tisini bila kumpa hata mstari mmoja?

Jumapili baada ya misa hakuweza kumkwepa tena. Wakakaa nyuma ya nyumba.

"Soma," mzee alisema.

Akasoma vizuri mpaka msafara ulipoingia Mgunda Mkali, lile pori la siku nyingi lenye maji haba. Hapo mzee akainamisha kichwa juu ya fimbo. Leonia akamwonea huruma, akadhani anateswa na kungoja. Basi akaruka kurasa hadi Bagamoyo, akatunga palepale bila sauti kumtikisika: "Wa kwanza kuiona bahari alikuwa mwenzangu Jilala. Alitua mzigo wake, akacheka."

Mzee akalia. Akalia kwa sauti, bila kuficha uso.

"Masolwa, ndugu yangu," alisema. "Amesema uongo kwa ajili yangu. Tena kitabuni!"

"Uongo gani, baba?"

"Sikufika, mama. Mgunda Mkali kiu ilinishinda. Alfajiri moja niliacha mzigo njiani, nikarudi. Nikamlimia mjomba kijijini Kigwa mpaka msafara uliporejea, nikajiingiza katikati, tukafika Tabora tukiimba. Masolwa aliniona. Tangu siku ile nimeuogopa mdomo wake." Akajifuta machozi, akasimama. Uso wake ulikuwa umekunjuka, jambo ambalo Leonia hakuliona kwa wiki nyingi. "Kesho lori la asali linarudi Sikonge. Nitapanda. Lazima nimshike mkono."

Leonia alijichukia. Yeye aliyewacheka watunzi wote, ametunga mistari miwili tu na tazama alichofanya. Angeweza kunyamaza, lakini mzee angefika Sikonge na kumshukuru mtu kwa maneno asiyoyasema.

"Baba, keti kwanza. Maneno yale nimeyatunga mimi. Masolwa hakukutaja."

"Hata Mgunda Mkali?"

"Hata huko. Popote."

Mzee akaketi polepole. Leonia alingoja karipio, halikuja.

"Amenisitiri," mzee alisema hatimaye, "au amenisahau?"

"Sijui, baba."

"Na kwenda kumuuliza siwezi." Akageuza fimbo mkononi, akaiweka chini, akaiokota tena. "Miaka yote hii, Leonia! Labda hata hanikumbuki."

Leonia alikifunga kitabu. Mzee akasikia, akanyoosha mkono na kumzuia.

"Hiyo bahari, Masolwa ameieleza?"

"Ameieleza. Kurasa nne."

"Basi nisomee, mama. Polepole, na usiongeze kitu."