Daraja la Sentimita Sabini na Mbili

Reli ya treni ya kuchezea ya mzee ilizunguka chumba kizima, juu ya meza alizozipigilia ukutani mwenyewe kabla kiharusi hakijaulaza upande wake wa kushoto. Mlangoni meza zilikatika, na pengo hilo, sentimita sabini na mbili kamili, lilivukwa na daraja zito la mbao. Mzee, dereva mstaafu wa treni, alishinda katikati kwenye kiti chake cha magurudumu. Daraja likishawekwa, hatoki. Kwa mkono mmoja hakuliweza. Basi kutwa kucha ilikuwa, "Binti yangu! Njoo unifungulie."

Siku daraja lilipomponyoka binti likavunjika, alijikuta anashukuru kimoyomoyo. Alikuwa mchoraji wa madaraja ya kweli, yale ya malori, na ofisi moja ya mji wa mbali ilimtaka kazini. Jibu lilingojwa Ijumaa. Shangazi alishakubali kuja kukaa na kaka yake, ila kwa sharti: "Kunyanyua magogo mimi siwezi, mgongo wangu si wa jana."

Mchoro wa kwanza wa daraja jipya, lilinyanyuka kwa bawaba. "Bawaba italegea," mzee akasema. "Treni itakwenda na maji." Wa pili, lilifunguka kwa ubavu. "Litanivunja goti lililobaki." Wa tatu binti hakumwonyesha karatasi. Alilijenga kabisa: plaiwudi nyembamba, vyuma vyepesi pembeni, na nati nne nzito nyuma ya bawaba ili zilivute juu. Mtoto angelifungua.

Mzee akalishika. Akalivuta kidogo, akaliachia.

"Umeona? Na shule yote ile!"

Binti alipima upya, akapunguza hiki, akaongeza kile, macho yakamwiva. Kosa hakuliona.

Alhamisi mchana alitoka kuchukua dawa. Aliporudi akapita upande wa dirishani, akachungulia ndani. Baba yake alilinyanyua daraja kwa vidole viwili, akatoka, akanywa maji jikoni, akarudi, akalishusha taratibu. Treni ikapita juu yake bila kutikisika.

Binti aliposukuma mlango wa mbele ukalia, sauti ikaja: "Binti yangu! Njoo unifungulie."

Akaenda, akasimama upande wa pili wa daraja.

"Baba, nimekuona."

Mzee aliizima treni. Alikuna gurudumu la kiti kwa ukucha.

"Nikijifungulia mwenyewe," akasema mwishowe, "wewe utabaki kwa lipi?"

Binti alikuwa amejiandaa kumfokea mwongo. Lakini huyu sasa alikuwa amesema kweli. Alilinyanyua daraja, akaingia, akalishusha nyuma yake. Nafasi ilikuwa ndogo. Ilibidi asimame ameubana mgongo kwenye meza, magoti yakigusa kiti.

"Washa, baba."

Ijumaa simu kutoka ile ofisi iliita mara tatu mezani. Kila ilipoita, mzee alimtazama binti, na binti akaitazama reli, asiipokee.