Kutoka Kisogoni

Kiti cha kwanza, kile kinachotazamana na mlango wa saluni, kilikuwa cha msusi. Alisimama nyuma yake tangu usichana, na wateja walimfuata kwa ajili ya mikono yake myepesi. Ila tangu usichana huohuo na yeye alisukwa kwa kuvutwa, macho yanapanda, mpaka nywele za kuzunguka uso zikachoka zikaondoka zake. Paji la uso likawa linaelekea utosini.

Ndipo akaenda kupandikizwa. Siku nzima alilala kwa daktari, ganzi kichwani, macho makavu, nywele za kisogoni zikitolewa pamoja na mizizi yake na kupandwa mbele. Muuguzi alimkunjia shuka akamwekea chini ya magoti, bila kuombwa. Nyumbani mumewe alimpangia mito alale ameinuka, kisha akavuta kiti akakaa kando, asije akageuka usingizini akazisugua.

"Unanilinda mimi au nywele?"

"Wewe nimeshakuzoea. Hawa wageni ndio wanaotaka mlinzi."

Daktari alikuwa amemweleza mapema: zitadondoka kwanza, kisha baada ya miezi kadhaa zitaota upya kutoka kwenye mizizi. Asishtuke. Na wigi la gundi au kusukwa kwa kubana, basi tena, maisha yake yote.

Zikadondoka kweli. Aliamka akakuta mto umetapakaa vinywele. Alikuwa anajua, lakini kujua hakukuzuia moyo kumlipuka. Akajitanda kitambaa, akaenda kazini.

Mwenye saluni alikuwa dada wa mumewe. Alikifunua kitambaa kidogo, akashika kiuno.

"Wifi yangu, umeliwa mchana kweupe!"

"Sijaliwa. Daktari alisema zitadondoka."

"Na mimi ningekuwa nimekula hela yako, ningesema hivyohivyo." Akashusha wigi kutoka rafuni, na kopo la gundi. "Vaa hili. Hutaki, hamia chumba cha nyuma ukaoshe vichwa. Nani atampa kichwa chake msusi mwenye upara?"

Wasusi wengine wakajifanya wanatafuta vitana.

"Wifi," msusi alisema, "nimelala kwa daktari siku nzima nywele zitoke nyuma zije mbele. Halafu mimi mwenyewe ndiye nirudi nyuma? Wigi silivai. Kiti sihami. Anayetaka kunitoa aje aninyanyue, na nimenenepa siku hizi."

Akavua kitambaa, akakitundika msumarini, akasimama mahali pake, kichwa wazi.

Aliyeingia kwanza alikuwa bi harusi mtarajiwa. Alikitazama kile kichwa, akasita, akakaa.

"Bana sana, dada. Zisifumuke kabla ya siku yenyewe."

Wifi alikohoa. Msusi akainama, akamsogezea paji lake la uso.

"Tazama. Hapa palibanwa hivyohivyo unavyotaka. Ndiyo maana nimepandwa upya. Nitakusuka zikae vizuri, lakini kukuvuta, hapana. Ukitaka kuvutwa, viti viko vingi humu ndani."

"Na wewe unafukuza wateja!" wifi akaropoka.

Bi harusi akajipapasa kando ya sikio, pale palipoanza kuwa peupe. "Mimi nikisukwa silali siku mbili," alisema polepole. "Nilidhani ndivyo inavyotakiwa."

"Haitakiwi, mwanangu."

"Basi nisuke."

Kabla hajafika nusu ya kichwa, bi harusi alikuwa amelala pale pale kitini, mdomo wazi. Saluni nzima ilikuwa haijawahi kuona mtu akisinzia huku anasukwa. Wifi alimtazama. Samahani hakusema; wifi huyo hana neno hilo. Alikwenda akapunguza sauti ya redio, akalirudisha wigi rafuni.

Mteja mwingine akaingia kwa haraka zake, akauliza kama anaweza kusukwa na mtu mwingine hapo mbele, huyu mwenye upara apumzike.

"Kaa pale usubiri zamu," wifi alimjibu kwa sauti ya chini. "Kiti hicho kina mwenyewe."

Msusi hakuinua kichwa. Alichukua fungu jingine la nywele, akalilegeza kidogo, akaendelea.