Papa Nyundo na Kima wa Mwalimu Léonce

Mume wangu Shafiq, fundi cherehani, bahari hajaiona hata siku moja, lakini kwa papa nyundo utadhani wamelelewa nyumba moja! Hadithi za babu yake wa Bagamoyo hizo. Kila jioni, barazani kwetu Kabeza, alibishana na jirani yetu mwalimu Léonce, mtu wa kule kwenye volkano, yeye akimsifu kima wa kwao, yule wa manyoya ya dhahabu akaaye kwenye mianzi.

"Papa nyundo macho yako pembeni, anaona huku na huku," Shafiq husema. "Kima wako anaona nini?"

Hapo hunyamaza, na mwalimu hujibu lile lile: "Kima akimwona adui hupiga kelele wenzake wapone, hata kama yeye ataonekana. Papa wako amemwokoa nani?" Mimi nawaambia, nyie wanaume hamna kazi!

Aprili 1994 wanamgambo wakaanza kuua Watutsi, watu kama jirani zetu hawa. Tukawapandisha Léonce na mkewe Spéciose juu ya dari. Nikawa nawapelekea uji.

Asubuhi moja Nkusi wa mtaa wetu akaingia na panga, wenzake wakingoja nje. Nkusi huyu huyu aliyekunywa chai yangu akicheka ubishi ule, mshenzi asiye na haya!

"Mwalimu iko wapi?"

"Alikimbia," nikasema.

Akavuta kigoda, akaketi. "Basi mzee Shafiq, nichekeshe. Nani zaidi, papa ao kima?"

Shafiq akaanza. Akafika kwenye macho ya pembeni. "Kima wako anaona nini?" Kisha, ole wetu, akanyamaza kungoja jibu kama alivyozoea, na macho yakampanda darini.

Nkusi naye akatazama juu. Akainuka, akaisogeza meza ya kukatia nguo apande.

"Kima akimwona adui hupiga kelele!" Sauti ya mwalimu, wazi kabisa, kama yuko barazani. Ubao wa dari ukafunguka, akashukia mezani, akaurudisha mahali pake. "Niko peke yangu, Nkusi. Twende."

Nkusi akacheka, akamsukuma nje. Hawakufika hata kwenye kona.

Nilipopanda, nilimkuta Spéciose amejisokomeza kitenge kinywani asilie. Leo ni mzima, ana wajukuu.

Wajukuu hao wakimuuliza Shafiq nani zaidi, hujibu kima, halafu huinuka akaingia ndani.