Baiskeli ya Mama Pacha

Mama Pacha alinunua baiskeli kwa sababu alikabwa.

Alikuwa dobi wa hospitali, mwanamke mfupi mwenye mabega yaliyozoea kubeba mashuka yaliyolowa, na zamu yake ilianza wakati mji bado unajigeuza kitandani. Saa hizo gari la abiria hakuna. Wanawake wote wa zamu ya kwanza walipita njia moja: upande huu ukuta mrefu wa kinu cha kusaga nafaka, upande ule mtaro wa maji machafu, katikati ukanda wa vumbi. Mumewe hakuwa na namna ya kumsindikiza, kwa kuwa alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala la mbao, na alipotoka kazini mkewe alikuwa ameshaingia. Walikutana jioni, wakala na pacha wao, wakaagana tena.

Siku aliyokabwa hakusikia hatua. Alisikia harufu ya pumba, kisha mkono ukamzunguka shingo kutoka nyuma. Yule mtu alimbana mpaka magoti yakalegea, akampigiza uso ukutani, akampigiza tena, akampokonya mkoba. Akishachukua mkoba, mwizi wa kawaida hukimbia. Huyu hakukimbia. Alimlaza chini, akamkanyaga shingo, akasimama pale anahema taratibu, kama mtu anayefikiria afanye nini sasa. Taa za lori la kinu lililokata kona ndizo zilizomfukuza.

Mama Pacha aliacha jino moja pale ukutani. Sauti yake ilirudi ikiwa na mkwaruzo ambao haukutoka tena. Polisi walimwuliza kama aliuona uso wa mtu huyo; hakuuona. Kabla yake, mfagiaji wa wodi ya wazazi alikuwa amevunjwa taya kwenye njia hiyo hiyo. Baada yake ikawa zamu ya mpishi wa hospitali, mjane mcheshi aliyekuwa akiwafichia madobi ukoko. Huyo walimkuta mtaroni kifudifudi, na hakuamka.

Walipotoka kumzika mpishi, Mama Pacha alimwambia mumewe, "Nanunua baiskeli."

"Baiskeli? Wewe hata punda hujawahi kumpanda."

"Punda ana akili zake. Baiskeli haina."

Mlinzi akacheka, halafu kicheko kikamfia mdomoni. "Omba ubadilishiwe zamu, mama watoto."

"Nimeomba. Msimamizi anasema kila mtu anaogopa, sasa mashuka yafuliwe na nani?"

"Basi acha kazi."

"Wewe uliacha walipomkata mwenzako panga getini?"

Mlinzi alivua kofia akaipangusa, ingawa haikuwa na vumbi. "Twende kwa Spoku," alisema mwishowe.

Spoku alikuwa fundi baiskeli, mwembamba kweli kama waya wa gurudumu aliobandikwa jina lake. Kibanda chake kilijaa fremu zilizoning'inia kwenye misumari. Alipomwona mteja mwanamke aliteremsha baiskeli moja nyekundu yenye kung'aa.

"Hii hapa, mama. Ina gia kama lori. Mlima kwako utakuwa mkeka."

Mama Pacha aliikagua, akashika waya mmoja mwembamba uliotoka kwenye usukani. "Huu ukikatika?"

"Unaniletea."

"Alfajiri unakuwa wapi?"

"Nimelala, mama yangu."

"Basi nitafutie isiyonifanya nije kukuamsha."

Spoku akacheka mpaka akashika meza. Aliingia nyuma ya kibanda, akatoka anasukuma baiskeli nyeusi ya chuma kitupu, rangi imechubuka, keria pana kama benchi. Ilikuwa ya bei rahisi kuliko zote mle ndani.

"Hii haina gia. Meno mbele, meno nyuma, mnyororo mmoja, imekwisha hiyo. Ukitaka kusimama, unarudisha pedeli nyuma. Mlimani utanilaani, tambarare utaniombea dua. Ni nzito, sikufichi. Lakini hata mwizi anaionea aibu."

Aliifungia na pampu yake, bomba la chuma la kizamani, chini ya tandiko. Mlinzi alitoa pesa. Mkewe akamrudisha mkono. "Weka. Hii nanunua mwenyewe."

Jumapili walikwenda uwanja wa shule. Mlinzi alishika tandiko akakimbia nyuma, pacha wakakimbia pembeni wakipiga kelele, na mama yao akaanguka kulia, akaanguka kushoto, akaingia golini na baiskeli yake. "Goli!" walipiga kelele watoto. Mpaka jua linakuchwa alikuwa amechubuka magoti na viwiko, na anakwenda peke yake. Mlinzi alikuwa ameshaachia zamani, mkewe hakujua.

Ile njia ya ukuta, aliyokuwa akiitembea huku akigeuka nyuma kila dakika, sasa aliimaliza kabla hofu haijapata nafasi ya kukaa. Alifika kazini amelowa jasho, mwepesi, anaimba na sauti yake ya mkwaruzo. Madobi wenzake walimtania. "Dereva, tupe lifti!" Na kweli alianza kumpakia mfagiaji wa wodi ya wazazi, yule wa taya, ambaye alikuwa akikaa kwenye keria amefumba macho na kumng'ang'ania kiuno mwanzo wa safari mpaka mwisho.

Asubuhi moja mfagiaji alikuwa mapumziko. Mama Pacha alikuwa peke yake.

Palipokuwa na tundu ukutani, mahali pa kutolea pumba, kitu kirefu kilirushwa kutoka pembeni. Ulikuwa mti, mpini wa sepetu. Uliingia katikati ya spoku za gurudumu la mbele, baiskeli ikakwama ghafla, na yeye akaruka juu ya usukani akatua kwa kidevu. Mdomo ulijaa damu na mchanga. Kabla hajainuka, harufu ya pumba ilikuwa imeshafika.

Aliiona miguu kwanza, mipana, myeupe kwa vumbi la unga. Safari hii aliuona na uso. Ulikuwa uso wa kawaida kabisa wa mwanamume wa makamo, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, na hilo lilimtisha kuliko kisu alichokishika.

"Wewe ulishapita hapa," alisema mtu yule, bila haraka.

Alimkata mkono aliouinua. Mama Pacha aliona ngozi inafunguka kabla hajasikia maumivu. Akajiburuta nyuma mpaka mgongo ukagota kwenye baiskeli, na yule mtu alipoinama kumshika nywele, aliikamata fremu kwa mikono yote miwili akaiinua. Alikuwa amekaa miaka mingi akinyanyua mashuka yenye maji, mazito kuliko chuma kile. Aliiinua mpaka kifuani, akamsukumia nayo. Pedeli ilimwingia mtu yule tumboni. Alirudi nyuma, kisigino kikakosa ardhi, akaanguka mtaroni chali na baiskeli juu yake, mkono mmoja umepenya kwenye gurudumu.

Angeweza kukimbia. Baadaye wakili alimwuliza mahakamani kwa nini hakukimbia, naye alisema ukweli: halikumjia wazo hilo.

Alishuka mtaroni. Alisimama juu ya fremu kwa uzito wake wote mpaka mkono ule ukavunjika ndani ya spoku, akasikia unavunjika. Kisha akachomoa pampu. Alimpiga nayo mkono wenye kisu, kisu kikaangukia majini. Alimpiga mdomoni. Yule mtu alilia, "Dada, basi! Dada!" Akampiga hapo hapo neno lilipotokea. Alimpiga kwa ajili ya shingo yake, akampiga kwa ajili ya taya la mfagiaji, na alipofika kwa mpishi alipoteza hesabu, akawa anapiga tu, huku analia kwa sauti asiyoitambua. Jicho moja la mtu yule lilifumba na halikufumbuka tena. Na katikati ya yote hayo, Mama Pacha alijisikia vizuri. Hilo hakulisema mahakamani. Alimwambia mumewe peke yake, gizani, na mlinzi akamshika mkono.

Kelele zilileta watu. Walikuwa vibarua wa kinu wanaingia zamu, na mmoja wao alipomulika tochi mtaroni akapiga ukelele: "Huyu si yule mbeba magunia wetu?"

Aliyekuwa akikaba wanawake alikuwa akila nao chakula cha mchana. Ile aibu ikageuka hasira papo hapo. Walimvuta mtaroni kwa miguu, kichwa kikigonga kingo. Mmoja alimrukia kifuani na buti. Wengine walianza kuokota mawe, na sauti moja nyuma ikasema, "Mafuta! Leteni mafuta ya lori!"

Mama Pacha alipanda kutoka mtaroni kwa mikono na magoti, damu inamchuruzika kiwikoni, akasimama katikati.

"Mwacheni."

"Mama, tupishe. Huyu si mtu."

"Mwacheni, nimesema."

"Umesahau alichokufanya?"

"Sijasahau!" Sauti ya mkwaruzo ikapasuka. "Nataka azinduke. Nataka asimamishwe mbele ya mfagiaji na watoto wa mpishi, aulizwe, ajibu. Mkimchoma atajibu nini? Majivu yatajibu nini?"

Kibarua mmoja alimsogeza kwa bega na kunyanyua jiwe lake. Mama Pacha akamtandika pampu kwenye kifundo cha mkono. Jiwe likamwangukia mwenyewe mguuni, akaruka kwa mguu mmoja akitukana. Kuna mtu alicheka, bila kutaka. Kicheko kile ndicho kilichowarudisha watu kwenye akili zao. Mawe yalianza kushushwa, moja moja. Walimtupa mbeba magunia kwenye mkokoteni wa kinu, na Mama Pacha akatembea kando yake mpaka hospitali, pampu mkononi, maana hakumwamini mtu yeyote kati yao.

Mganga aliyemshona mkono alimwambia alale nyumbani. Siku ya tatu alikuwa dobini, anafua kwa mkono mmoja.

Mbeba magunia hakufa. Alipozinduka alikana, kisha walipokuta vitu vya wanawake chini ya godoro lake, kiatu kimoja cha mpishi kikiwemo, aliacha kukana. Mfagiaji alisimama mbele yake kizimbani akasema yote kwa mdomo wake uliopinda, na hakufumba macho. Mbeba magunia alifungwa maisha.

Wiki ile ya hukumu, mchana, mwanamke mmoja aliingia uani kwa madobi. Alivaa kanga safi iliyopigwa pasi. Aliuliza, "Mama Pacha ndiye nani?"

"Ni mimi. Karibu."

Yule mwanamke alimpiga kofi. Lilikuwa kofi la mtu aliyetembea mbali akilibeba. Madobi waliruka, mmoja ameshika mti wa kukorogea nguo, lakini Mama Pacha aliinua mkono kuwazuia.

"Mimi ni mkewe," alisema mgeni. "Miaka yote hiyo akirudi, nilikuwa namfulia nguo. Damu nilikuwa naiona. Ananiambia magunia yamemchuna, nami nasema pole. Kwa nini hukumwua? Ungemwua, ningekuwa mjane. Sasa mimi nani? Watoto wangu wanapigwa mawe shuleni. Niambie, mimi nani?"

Shavu la Mama Pacha lilikuwa linawaka. Mkono wake mzima ulikuwa umeshakunja ngumi peke yake, na ilibidi auangalie mpaka ufunguke, kidole kimoja kimoja. Ilimchukua muda. Kisha akavuta ndoo, akaigeuza kichwa chini.

"Kaa," alisema.

"Sitaki huruma yako."

"Si huruma. Umetoka mbali, na jua kali. Kaa."

Mwanamke yule alisimama kwanza. Halafu akakaa juu ya ndoo, akajifunika uso kwa ncha ya kanga, akalia kwa sauti katikati ya mashuka yaliyoanikwa. Madobi hawakujua waangalie wapi. Baada ya kitambo mmoja alirudi kwenye karo lake, mwingine akamfuata, maji yakaanza kusikika tena. Mama Pacha alimletea kikombe cha maji, akamwekea miguuni, akaenda kuendelea kufua, akiwa amempa mgongo ili alie bila kutazamwa.